Shingo Iliyosingiziwa

Katika vijiwe vya pikipiki vya Kibiti, kuanzia pale yanaposimama mabasi ya Lindi na Mtwara kando ya barabara ya Kilwa hadi njia panda ya Bungu wanakogeukia abiria wa Nyamisati, imezoeleka hoja moja ambayo husemwa kwa sauti ya ujuzi na kupokewa bila ya mtu kuuliza shahidi wake, nayo ni kwamba kofia ngumu ya pikipiki ni adui wa shingo. Hoja hiyo ina mafungu matatu. La kwanza hudai kwamba uzito wa kofia huilemea shingo hata ikachoka na kukakamaa. La pili, kwamba mvaaji hawezi kugeuka akaona kinachomjia ubavuni wala nyuma. Na la tatu, ambalo hutajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri ya waganga, hudai kwamba mtu akianguka nayo, kichwa husalimika lakini shingo huvunjika, na kwa hiyo afadhali kichwa wazi. Wanaosema haya si wajinga wala si wakorofi. Wamo miongoni mwao madereva waliomaliza ujana wao juu ya pikipiki, wamo wazee wanaosikilizwa barazani, wamo akina mama wanaopelekwa hospitali ya Mchukwi na watoto mgongoni. Na kwa kuwa wasemaji ni watu wa heshima, hoja yenyewe imejipatia heshima isiyo stahili yake. Mimi naona kwamba shingo imesingiziwa, na kwamba yako malalamiko ya kweli juu ya kofia ambayo yangalikwisha kupata dawa zamani laiti yasingalijificha nyuma yake.

Tuanze na uzani, maana mizani haina upendeleo. Kichwa cha mtu mzima kina kiasi cha kilo nne na nusu hadi tano, na shingo hukichukua tangu alfajiri hadi saa ya kulala pasipo kudai ujira. Kofia njema ya kufunika uso wote huwa na kilo moja na robo, moja na nusu, au kuzidi hapo kidogo. Ile ya kufunika utosi na masikio tu hupungua. Basi mvaaji ameongezewa theluthi moja ya mzigo aliouzoea, tena kwa muda wa safari ya kutoka stendi mpaka Mlanzi. Sasa mtazame mwanamke anayetoka kisimani amejitwika ndoo ya lita 20 juu ya ngata ya khanga iliyosokotwa. Maji ya ndoo ile, pasipo kuhesabu ndoo yenyewe, yana kilo 20, yaani zaidi ya kofia 13 zilizopangwa juu ya utosi mmoja, naye huyabeba asubuhi na jioni tangu alipokuwa binti mdogo wa kubeba kidumu. Na katika majira ya mavuno huko kwenye delta ya Rufiji hujitwika mpunga kutoka shambani hadi mtumbwini, akishuka ukingo wa matope ambao mtu mwenye mikono mitupu huteleza. Sijapata kusikia kijiweni mtu akisimama kuitetea shingo ile. Husifiwa mwendo wake, husifiwa unyoofu wa mgongo wake, na huambiwa kwamba Mungu amemjalia shingo ya kubebea. Ikiwa shingo ya mama yastahimili kilo 20 kwa miaka 30, ya mwanawe aliye kijana wa bodaboda yashindwaje na kilo moja na nusu kwa nusu saa?

Najua nitajibiwa kwa hoja iliyovaa kilemba cha elimu, kwa sababu wako waliosoma. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliowapima waliweza kubeba kichwani mzigo wa kiasi cha humusi moja ya uzani wa miili yao bila ya kutumia nguvu kuzidi zile wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Habari hiyo ilienea duniani, na tangu hapo imekuwa burhani ya kila apendaye kuamini kwamba mzigo wa kichwani haumdhuru mwanamke wa Kiafrika. Lakini kilichopimwa kilikuwa pumzi, yaani hewa ambayo mwili huitumia katika kazi. Pingili za shingo hazikuulizwa. Waliozitazama pingili kwa picha za eksirei, huko Ghana na tena miongoni mwa wachukuzi wa kuni wa Kongo, walikuta dalili za kuchakaa kuzidi zile za watu wasiobeba. Shingo basi inayo kesi, tena kesi nzito, ila mshtakiwa wake ni ndoo na tita, na mahakama yake ni visima vilivyo mbali na mabomba yasiyotoa maji. Anayeililia shingo kijiweni na kuinyamazia kisimani hajaifanyia insafu.

Liko hata hivyo jibu moja lenye chembe ya haki, nami sitalipita kwa kejeli. Husemwa kwamba ndoo hukaa wima juu ya uti, ilhali kofia huvuta. Ni kweli kwamba mahali pa uzito ni jambo kubwa kuliko uzito wenyewe. Kichwa hakikukaa sawasawa juu ya mhimili wake. Upande wa uso ni mzito kuliko upande wa kisogo, na misuli ya kisogoni huvuta daima ili kukiweka sawa, na ndiyo sababu abiria akisinzia ndani ya basi kidevu humwangukia kifuani na wala kisogo hakimwangukii mgongoni. Kitu kikiongezwa mbele ya uso huitoza misuli hiyo kodi kubwa kuliko uzani wake. Marubani wa helikopta za kijeshi, ambao hufungiwa darubini za usiku mbele ya kofia zao, walilalamika maumivu ya shingo, na wengi wakafikia kutia kipande cha uzito nyuma ya kofia ili mizani isawazike: wameongeza mzigo, na shingo ikapata nafuu. Lakini kofia ya pikipiki haina darubini. Huuzunguka utosi, kisogo na mashavu kwa unene unaokaribiana, na ikikaa mahali pake uzito wake hugawanyika pande zote. Neno langu ni hilo, ikikaa mahali pake. Nitalirudia, kwa sababu humo ndimo ilimolala taksiri ya kweli.

Fungu la pili, la kugeuka, ni jepesi. Shingo ina pingili saba, na kiasi cha nusu ya mgeuko wote hutokea kati ya mbili za juu, karibu na fuvu, mahali ambapo kofia haigusi kabisa. Mtu mzima asiye na maradhi hugeuza uso nyuzi 70 hadi 80 kila upande, na ukingo wa kofia iliyomkaa vema huishia juu ya bega ukiacha nafasi ya kupita. Kinachoweza kupungua ni ncha ya jicho, pale kofia ya uso mzima inapokata kidogo kile ambacho jicho huiba pembeni pasipo kichwa kugeuka. Mwaka 1995 watafiti wa Kimarekani waliwajaribu waendesha pikipiki 50 barabarani, kichwa wazi, kisha kwa kofia ya nusu, kisha kwa ya uso mzima, wakiwataka wahame kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Wakaona kwamba wenye kofia waligeuza vichwa kidogo zaidi ili kufidia kile ambacho jicho lilikikosa, na honi waliisikia kama wale wasiovaa. Miaka 14 kabla ya hapo Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyechunguza ajali 900 moja moja papo hapo zilipotukia, alikwisha kuandika kwamba kofia haikuzuia kuona wala kusikia, wala haikuleta uchovu wa kutajika. Shingo basi ndani ya kofia hugeuka. La kustaajabisha ni kwamba ukizitazama pikipiki za hao wanaodai hawawezi kugeuka, utaona nyingi hazina vioo vya pembeni. Vimefunguliwa kwa mkono na kuwekwa nyumbani, ati vinaharibu umbo la pikipiki, ati vinakwaruza milango ya magari kwenye foleni ambayo Kibiti haipo. Mtu ameling'oa jicho la chuma lililowekwa ili asilazimike kugeuka, kisha analaumu kofia kwamba imemzuia kugeuka!

Fungu la tatu ndilo linalotisha. Hapa msomaji anivumilie niende mbali kidogo. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejipatia jina kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika vita kuu ya kwanza, alikuwa akiendesha pikipiki kichwa wazi karibu na nyumba yake huko Dorset, akawakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka. Akalala hana fahamu, na siku ya sita akafa. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni, na vita ya pili ilipozuka, na wapeleka barua wa jeshi wakawa wanakufa kwa pikipiki gizani, aliandika mwaka 1941 katika British Medical Journal akionyesha kwamba wengi wao huuawa na pigo la kichwa, na kwamba wachache walioanguka wamevaa kofia walipona mapigo yaliyowaua wenzao. Mwaka uleule jeshi la Uingereza likaamrisha kofia kwa waendesha pikipiki wake. Jimbo la Victoria huko Australia likaifanya sheria kwa raia mwaka 1961, Uingereza ikafuata mwaka 1973, na mwaka huohuo 1973 ndipo ilipotungwa hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani.

Shutuma ya shingo ilitoka Marekani. Mwaka 1966 serikali kuu ya huko iliyabana majimbo yatunge sheria za kofia. Waendesha pikipiki wakaandamana kwa jina la uhuru, na mwaka 1976 bunge likaulegeza ubano. Kwa kuwa uhuru peke yake hautoshi kumshawishi mjane, ilitafutwa hoja ya tiba, na mwaka 1986 mwanauchumi Jonathan Goldstein akaipatia vazi la hesabu, akiandika kwamba mgongano ukipita kasi fulani kofia huzidisha madhara ya shingo. Alikuwa mtu wa takwimu mwenye nia ya kweli, na swali lake halikuwa la kipuuzi, kwani yafaa kuuliza kama kitu kizito kichwani hakitaivuta shingo wakati wa kusimama ghafula. Lakini swali likapata jibu. Mwaka 2011 madaktari wa Baltimore walikusanya kumbukumbu za majeruhi wa pikipiki zaidi ya 40,000, wakakuta kwamba wenye kofia walipungukiwa na hatari ya kuumia pingili za shingo kwa asilimia 22. Na mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikisia kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sababu si muujiza: ndani ya gamba gumu mna povu linalokusudiwa lipondeke, na kupondeka kwake huila sehemu ya kishindo ambacho, kama kisingelipata cha kuponda, kingelipita kwenye fuvu na kushuka shingoni.

Kwa nini basi watu wa akili timamu, hapa na ng'ambo, wameshuhudia kwa macho yao majeruhi wa kofia wakilalamikia shingo? Kwa sababu aliyefika wodini akilalamikia shingo ni yule ambaye kofia imemwachia ulimi wa kulalamika. Mwenzake aliyepasuka fuvu kichwa wazi hakusema neno juu ya shingo yake, wala hapakuwa na aliyemwuliza. Kutoka Kibiti hadi Muhimbili, iliko Taasisi ya Mifupa, ni mwendo wa kiasi cha kilomita 140, na mwenye damu ndani ya fuvu aghalabu hana saa za kuikopesha barabara hiyo. Mwenye shingo ya kuuma anazo. Ushahidi wa kijiweni umechaguliwa na mauti kabla haujatufikia.

Nimesema kwamba kuna taabu ya kweli. Ichukue mkononi helmeti ya abiria katika kijiwe chochote na uitazame. Imetundikwa kwenye usukani au juu ya kiwiko cha dereva kutwa nzima juani. Sponji ya ndani imelala, imeachana na ganda, na sehemu za mashavuni zimekwisha kung'oka. Kifungo cha kidevuni kimevunjika na kamba zake mbili zimepigwa fundo, au moja imekatika kabisa. Ni ya kipimo kimoja, na lazima imtoshe mwanafunzi wa sekondari na mzee wa kilo 90 sawia. Abiria akiivaa hucheza kichwani. Tairi likiingia shimoni huruka na kushuka, upepo ukiipata huinuka kisogoni, breki zikishikwa humfunika macho. Naye kwa saa nzima hukaza shingo ili kuizuia, ainue kidevu ili aone chini ya ukingo wake, au aishike kwa mkono mmoja hali mkono wa pili umeshika chuma cha nyuma. Akishuka Nyamisati shingo inamuuma, naye hasemi uongo. Ila hakuumizwa na kilo moja na nusu. Ameumizwa na kilo moja na nusu inayotembea. Kofia ya kipimo chake, ambayo akifunga mkanda na kuishika kidevuni na kuizungusha ngozi ya mashavu huifuata, na ambayo chini ya mkanda wake haviingii vidole zaidi ya viwili, ingalimfikisha bila ya kujua kwamba ina uzito. Tena apekue mkanda wenyewe: kofia iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa hushonewa hapo kitambaa chenye herufi E ndani ya duara. Ile ya mafundi ujenzi, ambayo nayo huonekana juu ya pikipiki, ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, na haina la kukifaa kichwa kinachokwenda kupiga lami kwa ubavu.

Taabu za wanawake zafaa kusemwa peke yake, kwa sababu hao ndio wanaokataa kofia kuliko wote na ndio wanaosikilizwa kidogo. Mtandio mwepesi hauna ugomvi na kofia, bali ni sitara na ngao ya uchafu kwa pamoja. Taabu iko kwenye misuko mikubwa na fundo la nywele kisogoni, ambalo huisukuma kofia mbele, na kofia ikisukumwa mbele huinamisha kichwa na kuifanyia shingo kile hasa kilichowapata marubani niliowataja. Hapa mlalamikaji ana haki, na waliotengeneza kofia walikuwa wakifikiria vichwa vya wanaume. Afungue fundo, au alishushe chini ya ukingo, atapata nafuu. Lakini asiambiwe kwamba amejitungia maumivu. Joto nalo lipo. Mchana wa Januari, pikipiki ikiwa imesimama, ndani ya kofia ni hamamu, na jasho la abiria kumi waliotangulia halimpendezi wa kumi na moja, ambaye anaogopa mapunye. Kitambaa safi cha kuvaa ndani, cha bei ya vocha ndogo ya simu, kingalimtoa hofu hiyo.

Na liko jambo ambalo mtu asiye wa Kibiti hatalielewa upesi. Mwaka 2017, katika miezi ile viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa, pikipiki zilizuiliwa kutembea usiku katika wilaya hii na jirani zake, na mgeni juu ya pikipiki akawa mtu wa kutiliwa shaka. Sishangai mzee wa kijiji akichelea wajihi uliofunikwa mpaka leo. Lakini huo ni woga wa uso, wala si ugonjwa wa shingo, na kofia zenye kuacha uso wazi zipo madukani, zikilinda fuvu, masikio na kisogo, ingawa kidevu hubaki kwa Mola.

Atazamaye kwa makini ataona pia kwamba shingo zetu zina tabia ya ajabu. Dereva akikaribia mahali wanaposimama askari wa usalama barabarani huivaa kofia yake, na abiria wake hupewa ya pili. Wakiacha lami na kuingia njia ya mchanga, zote mbili hurudi kwenye kiwiko. Ni shingo gani hii inayougua vijijini na kupona mbele ya askari?

Nakisia hoja hii imedumu kwa sababu ina faida kwa mtu ambaye haonekani kijiweni. Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kijana ameichukua kwa mkataba, au anapeleka hesabu kila jioni, na mwenye chombo aliyekitoa dukani alikitoa na kofia moja, nayo ile isiyo na kipimo. Kofia ya pili, na ya kipimo kingine, ni fedha zake. Na akiulizwa hana haja ya kusema kwamba hataki kuzitoa, kwa kuwa jibu limekwisha kutayarishwa na umma: abiria wenyewe hawazitaki, zinawaumiza shingo. Kijana naye hawezi kumdai, maana jana yeye mwenyewe aliwaambia abiria maneno yayo hayo. Basi mwenye chombo na aseme kwamba kofia mbili ni ghali, tukae tugawane gharama kati ya hesabu yake na nauli yetu. Abiria na aseme kwamba inanuka, iletwe iliyo safi. Na aseme kwamba inampwaya, iletwe ya kipimo chake, na mkanda wake ufungwe kabla pikipiki haijatiwa gia.